Mwenye hisa akifariki: kampuni inunue hisa zake kwa fedha ipi na kwa bei gani?

Kampuni nyingi ndogo za wilaya za Tarime na Serengeti zina wenye hisa wawili, watatu au wanne. Mara nyingi ni ndugu, mashemeji, au marafiki waliochanga mtaji pamoja. Wapo wanaonunua mahindi na kusaga unga Sirari, wenye malori mjini Tarime, wanaouza huduma kwa mgodi wa North Mara kule Nyamongo, na wanaopeleka watalii hifadhini kutoka Mugumu. Watu hawa hupanga bei ya gunia, mkopo wa benki na matengenezo ya gari. Jambo wasilolipanga ni siku mmoja wao atakapofariki.

Siku hiyo ikifika, matanga hayajaisha maswali yanaanza. Marehemu alikuwa na hisa, lakini hisa haziliwi wala hazilipi karo. Mjane anataka fedha. Wenzake wa biashara hawataki mgeni kwenye bodi. Nje ya familia hakuna anayetaka kununua sehemu ya kampuni isiyojulikana, tena yenye ugomvi. Kinachofuata mara nyingi ni kuuza lori au mashine ili watu wagawane, na biashara iliyojengwa kwa miaka 20 inakwisha katika miezi sita.

Ipo njia nyingine, nayo ndiyo somo la wiki hii. Kampuni yenyewe inanunua hisa za marehemu kutoka kwenye mirathi yake. Warithi wanapata fedha taslimu, hisa zile zinafutwa, na biashara inaendelea na waliobaki. Njia hii inasikika rahisi kuliko ilivyo, na wanaoitumia huangukia kwenye mambo mawili yale yale, yaani bei na chanzo cha fedha.

KODI ILIYOIZAA

Marekani ndiko njia hii ilikopewa sheria yake maalumu. Serikali ya huko hutoza kodi ya mirathi ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 40. Kuanzia 2026 inagusa mali inayozidi dola milioni 15 kwa mtu mmoja, kwa hiyo ni ya matajiri, lakini zamani kiwango cha msamaha kilikuwa kidogo na kodi iliwapata hata wenye viwanda vya kawaida. Tatizo lao lilikuwa kwamba kodi hulipwa kwa fedha taslimu, ilhali utajiri wa marehemu umefungwa ndani ya kampuni ya familia. Kuitoa fedha humo kulihesabiwa kuwa gawio, na gawio nalo lina kodi yake ya mapato.

Mwaka 1950 Bunge la Marekani likafungua mlango, ambao leo unajulikana kama kifungu cha 303 cha sheria ya kodi. Kampuni ikinunua hisa za marehemu, malipo huhesabiwa kuwa mauzo badala ya gawio, lakini hadi kiasi kinachotosha kodi za kifo, gharama za mazishi na gharama za kusimamia mirathi tu. Sharti kubwa ni kwamba hisa hizo ziwe zaidi ya asilimia 35 ya mali ya marehemu baada ya kutoa madeni na gharama. Aliyekuwa na hisa chache pembeni ya utajiri mwingine hapewi nafuu hiyo, kwa kuwa anaweza kuuza kitu kingine.

Uingereza ina mlango unaofanana na huo. Kampuni ambayo haimo sokoni ikinunua hisa zake kwa mwenye deni la kodi ya urithi, malipo yanaweza kukwepa kuhesabiwa gawio, ikiwa karibu fedha zote zinalipa kodi hiyo ndani ya miaka miwili tangu kifo, na ikiwa deni lisingelipika kwa njia nyingine bila taabu isiyo ya haki.

Tanzania leo haina kodi ya mirathi. Kenya iliifuta yake mwaka 1982, hivyo familia ya Sirari na ya Isebania ng'ambo ya mpaka ziko sawa kwa hilo. Msomaji anaweza kuuliza basi somo hili lina faida gani Tarime. Faida ni kwamba kodi ilikuwa deni mojawapo tu linalodai fedha taslimu baada ya kifo. Tarime yapo madeni mengine: mkopo wa benki ambao marehemu aliudhamini kwa nyumba yake, bili ya hospitali, karo, kodi ya mapato ambayo marehemu hakuilipa (hiyo haifi naye), na haki ya kila nyumba kama alikuwa na wake zaidi ya mmoja. Mali imefungwa ndani ya kampuni vile vile.

NDUGU WAWILI WA ST. LOUIS

Kesi inayofaa kusomwa na kila mwenye kampuni ya familia ni ile ya Connelly dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo tarehe 6 Juni 2024. Majaji wote 9 walikubaliana.

Ndugu wawili, Michael na Thomas Connelly, walikuwa na kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi mjini St. Louis, jimbo la Missouri. Michael alikuwa na asilimia 77.18 ya hisa, Thomas zilizobaki. Walifanya jambo la busara ambalo wengi hawalifanyi: waliandika mkataba. Mmoja akifariki, aliyebaki ana haki ya kwanza kununua hisa zake, na akikataa, kampuni inalazimika kuzinunua. Ili fedha zipatikane, kampuni ilikata bima ya maisha ya dola milioni 3.5 kwa kila ndugu.

Mkataba pia ulisema bei ya hisa itawekwa kila mwaka kwa hati ambayo ndugu wote wawili watatia saini, na kama hati haipo, wathamini wa nje waitwe. Hati haikutiwa saini hata mwaka mmoja. Michael alipofariki mwaka 2013, Thomas hakununua, hivyo zamu ikawa ya kampuni. Wathamini hawakuitwa. Thomas na mtoto wa marehemu walikaa wakakubaliana dola milioni 3, bima ikalipa, na mambo yakaisha kwa amani ndani ya familia.

Mtoza kodi hakuridhika. Hesabu za kampuni bila bima zilionyesha thamani ya dola milioni 3.86, na asilimia 77.18 ya hizo ni karibu milioni 3. Hapo hakuna ubishi. Lakini mtoza kodi alisema kwamba siku Michael alipofariki kampuni ilikuwa pia na dola milioni 3 za bima zilizotengwa kununua hisa, kwa hiyo thamani yake ni milioni 6.86, na fungu la marehemu ni karibu milioni 5.3. Kodi ya nyongeza ikawa dola 889,914.

Familia ilijibu kwamba zile milioni 3 zimeingia kwa mkono mmoja na kutoka kwa mwingine, kwa kuwa kampuni ilikuwa na wajibu wa kuzilipa. Mahakama haikukubali. Ilisema wajibu wa kununua hisa kwa bei yake halali si deni linalopunguza thamani ya hisa hizo hizo. Mtu ambaye angenunua fungu la Michael kabla ya malipo kutoka angehesabu fedha ya bima pia. Mahakama ikaongeza kwamba ndugu wangeweza kupanga vingine, kila mmoja akakata bima juu ya mwenzake na kununua hisa kwa fedha yake, bila bima kupita kwenye vitabu vya kampuni.

Kesi ilikuwa ya kodi, lakini swali lake si la kodi peke yake: bima inayolipwa kwa kampuni ni ya nani, waliobaki tu au ya marehemu pia? Mwanasheria wa mjane wa Tarime anaweza kuuliza swali hilo hilo bila mtoza kodi kuwepo.

HESABU YA SIRARI

Ichukuliwe kampuni ya mfano tu, yenye ghala, mashine ya kusaga na fuso mbili. Ina hisa 1,000. Wa kwanza ana 400, wa pili 350, wa tatu 250. Mali yake yote baada ya kutoa madeni ni Sh 240 milioni, yaani kila hisa Sh 240,000. Mwenye 400 anafariki. Fungu lake ni Sh 96 milioni. Benki kuna Sh 18 milioni, na nyingine zote zimo kwenye magunia, vyuma na madeni ya wateja.

Sasa kampuni ilikuwa imekata bima ya Sh 96 milioni juu ya maisha yake, ili hesabu ilingane sawasawa. Bima inalipa. Waliobaki wanaandika hundi ya Sh 96 milioni na kuona wametimiza wajibu. Warithi wanaosoma kesi ya Connelly watasema kampuni siku ya kifo ilikuwa na Sh 336 milioni, na asilimia 40 yake ni Sh 134.4 milioni. Tofauti ni Sh 38.4 milioni. Hakuna upande wa wezi hapo. Pande zote mbili zina hoja, na kinachoweza kuzimaliza ni sentensi moja kwenye mkataba, iliyoandikwa wote watatu wakiwa hai, ikisema kama fedha ya bima imo ndani ya bei au haimo.

Jambo la pili halionekani haraka. Hisa 400 zikifutwa zinabaki 600. Mwenye 350 alikuwa na asilimia 35, sasa ana 58.3. Mwenye 250 alikuwa na asilimia 25, sasa ana 41.7. Kwa karatasi wote wamepanda. Kwa kura, wa tatu ameporomoka. Zamani hakuna aliyeweza kuamua peke yake, na wa tatu alikuwa anatafutwa na wote wawili. Baada ya ununuzi, mwenye 350 anaamua karibu kila jambo la kawaida bila kumwuliza mtu. Mwenye fungu dogo anayekubali kampuni inunue hisa za marehemu na aifanye hesabu hii kwanza. Bima ya kila mmoja juu ya mwenzake ina nafuu hapo pia, kwa sababu hisa hazifutwi bali hugawanywa kama walivyokubaliana. Kasoro yake ni kwamba kila mtu lazima alipe michango ya bima mfukoni mwake kila mwaka, na asiyelipa ndiye hupatikana baadaye hana kitu.

Kwa wanaofanya kazi na mgodi kuna la kuongeza. Kanuni za mwaka 2018 za kuwashirikisha Watanzania katika madini huangalia sehemu ya hisa iliyo mikononi mwa raia. Hisa za Mtanzania aliyefariki zikifutwa na mwenzake aliyebaki akiwa mgeni, sehemu hiyo inabadilika siku hiyo hiyo.

FEDHA ITOKE WAPI

Bila bima, kampuni ya mfano ina Sh 18 milioni dhidi ya deni la Sh 96 milioni. Hapa ndipo sheria inaingia, na inaingia kwa sababu ya marehemu mwingine.

Mwaka 1887 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Trevor dhidi ya Whitworth. Kampuni ya kiwanda ilikuwa imenunua hisa kutoka kwa wasimamizi wa mirathi ya mwenye hisa aliyefariki, lakini ikalipa sehemu tu. Ikafilisika. Wasimamizi wakaja kudai salio mbele ya mfilisi, pamoja na wadai wengine. Walikuwa na mkataba, na katiba ya kampuni iliruhusu ununuzi. Wakanyimwa. Majaji walisema mtaji wa kampuni ni kinga ya wanaoikopesha, na kampuni haiwezi kuurudisha kwa wenye hisa kwa mlango wa nyuma huku wadai wakisubiri.

Katazo hilo lilitawala nchi zote zilizorithi sheria ya Kiingereza kwa karibu karne nzima. Waingereza wenyewe walilegeza mwaka 1981. Tanzania ilipata Sheria ya Makampuni mpya ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2006. Msingi wa sheria za mtindo huu ni ule ule: katiba ya kampuni iruhusu, wenye hisa wapitishe azimio, na fedha itoke kwenye faida iliyokusanywa au hisa mpya, si kwenye mtaji. Mtindo wa Kiingereza hutaka pia hisa zinazonunuliwa zilipwe papo hapo. Ahadi ya kulipa polepole ndiyo iliyowaponza warithi wa Whitworth.

Kwa hiyo kampuni yenye fedha kidogo hununua mafungu. Kampuni ya mfano inaweza kununua hisa 50 kwa Sh 12 milioni baada ya kila msimu wa mavuno, ikiwa faida ipo. Itachukua misimu minane. Warithi wanabaki wenye hisa kwa zile ambazo hazijanunuliwa na wanaendelea kupata gawio. Si njia ya haraka, lakini fuso zinabaki barabarani. Mkataba lazima useme bei ya msimu wa tano itahesabiwaje, maana thamani ya kampuni haitakuwa ile ya siku ya kifo.

Upande wa kodi, swali lililowasumbua Wamarekani lipo Tanzania kwa sura yake. Gawio la kampuni ambayo haimo sokoni hukatwa asilimia 10 ya malipo yenyewe. Kodi ya faida ya kuuza hisa hutazama faida tu. Malipo ya kununua hisa yanaangukia upande upi ni suala la kumwuliza mhasibu kabla hundi haijaandikwa.

NANI ANAPOKEA

Kosa baya kuliko la bei ni kumlipa mtu asiyehusika. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake ni karatasi muhimu mahakamani, lakini kikao hakimteui. Mahakama ndiyo inayomteua. Mpaka hapo, kaka mkubwa wa marehemu, hata akiwa mzee anayeheshimiwa na wote, hana mamlaka ya kuuza hisa hata moja, na kampuni iliyomlipa inaweza kudaiwa upya na warithi wenyewe.

Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba V, kisha hesabu za mgawanyo kwa fomu namba VI. Hisa ziandikwe kwenye orodha hiyo kwa idadi na thamani. Wasimamizi wengi huandika ng'ombe mmoja mmoja na kusahau hati ya hisa iliyo kabatini. Kampuni nayo isinunue kabla ya kuona barua ya uteuzi, na hundi iandikwe kwa jina la mirathi au la msimamizi kama msimamizi.

Mila ya Wakurya ina jambo ambalo wanasheria wa mijini hulisahau. Mali hufuata nyumba, na ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke huoa mwanamke ili nyumba yake isikose mrithi, ipo mpaka leo. Daftari la wenye hisa halijui nyumba, linajua majina. Mtu anayetaka hisa 400 zigawanyike 200 nyumba kubwa na 200 nyumba ndogo aandike hivyo kwenye wosia, au azihamishe angali hai. Kampuni ikishanunua hisa zote na kutoa hundi moja, kazi ya kugawa imehamia kwa msimamizi peke yake, na fedha taslimu hugombewa upesi kuliko hisa.

HISA ZA SOKONI

Aliyeacha hisa za CRDB, NMB au kampuni nyingine iliyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hahitaji mzunguko huu. Soko lenyewe ndilo mnunuzi. Msimamizi anapeleka cheti cha kifo na barua ya mahakama kwa dalali, hisa zinahamishiwa kwenye akaunti za warithi au zinauzwa kwa bei ya siku. Mkazi wa Tanzania anayeuza hisa za soko hilo hatozwi kodi ya faida ya mauzo.

Kampuni kubwa nazo hununua hisa zao, lakini kwa sababu nyingine. Nation Media Group ya Nairobi ilifanya hivyo mwaka 2021 kwa Sh 25 za Kenya kwa hisa, ikilenga asilimia 10 ya hisa zote, na ikapata kiasi cha milioni 17. Mwenye hisa aliyekuwa hai na warithi wa aliyefariki walipewa bei moja, na kila mmoja alikuwa huru kukataa. Katika kampuni ya watu watatu Sirari uhuru huo haupo, kwa kuwa mnunuzi ni mmoja. Ndiyo maana hati ya bei, ile ambayo ndugu wa St. Louis hawakuitia saini hata mara moja, inafaa iambatanishwe na hesabu za kila mwaka mkaguzi anapozifunga, ikiwa na tarehe, thamani ya hisa moja, na neno moja kuhusu bima.